Kuzima Wi-Fi kwenye rauta ya nyumbani bila kujifungia nje: yaliyonipata Nyegezi

#1 FremuNyegezi, Jumamosi saa 2:40 asubuhi

Mwangaluka wadau.

Wiki mbili zilizopita nilitafuta maelezo ya Kiswahili ya kuzima Wi-Fi kwenye rauta ya faiba nikakosa. Nikafanya kwa kubahatisha, na huko kubahatisha kukanila siku mbili za kazi katika msimu ambao siku mbili ni kodi ya mwezi. Sitaki mwingine apite nilipopita.

Naishi Nyegezi, Mwanza. Nyumba iko nyuma, katikati kuna ua, mbele kuna fremu ambamo mimi na mke wangu tunaendesha steshenari: kompyuta mbili za mezani, printa na mashine ya kopi. Faiba inaingia sebuleni. Kompyuta za dukani zilikuwa zinapata intaneti kwa Wi-Fi, kwa vile vidude vya kuchomeka kwenye USB.

Sasa mteja anakuja kuprinti, anasema faili liko kwenye simu na bando limekata. Unampa neno la siri, utafanyaje. Yeye anampa mwenzake wa geto, na mwenzake anampa wa chumba cha pili. Ndani ya mwezi mmoja nilibadilisha neno la siri mara tatu. Usiku mmoja nikafungua ukurasa wa rauta nikakuta vifaa 17 vimejiunga, vyangu vitano tu. Kesho yake kuna binti alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Kiambatisho cha cheti cha kuzaliwa kinapanda dakika kumi, kinafika katikati, kinakataa. Tukarudia mara nne. Akaanza kulia pale kwenye kiti. Siku hiyo nikaamua fremu itatumia waya, na mawimbi ya ile rauta nayazima yote.

Fundi alikuja Alhamisi mchana. Akavuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha chini ya paa, ukavuka ua hadi fremu, kama mita 18. Akabana vichwa, akalipwa, akaondoka. Sikuujaribu.

Saa nne usiku nikashika simu, nikaingia 192.168.100.1, nikafungua sehemu iliyoandikwa "WLAN". Rauta yangu inarusha Wi-Fi kwa masafa mawili. Nikatoa tiki ya 2.4 GHz nikabonyeza "Apply", ikakubali. Nikahamia 5 GHz, nikatoa tiki, nikabonyeza "Apply". Ukurasa ukaganda hapo hapo, maana simu yenyewe ilikuwa imeshikilia mawimbi hayo hayo niliyoyakata. Nikalala kwa amani, nikijua waya upo.

Asubuhi dukani kompyuta inasema hakuna waya uliochomekwa. Nikarudi sebuleni, taa ya tundu la LAN, lile la kuchomeka waya, haiwaki. Laptopu ya mke wangu ni zile nyembamba zisizo na tundu la waya. Kwa hiyo rauta inafanya kazi, faiba ni nzima, na hakuna kifaa hata kimoja ndani ya nyumba kinachoweza kuongea nayo.

Nikachukua pini, nikaiingiza kwenye kitundu cha "Reset", nikahesabu hadi kumi na tano. Hilo ndilo kosa lililoniumiza. Wi-Fi ilirudi kweli, kwa jina na neno la siri lililobandikwa chini ya rauta tangu kiwandani. Taa ya PON ikatulia kijani, maana yake mwanga wa faiba unafika. Lakini taa ya intaneti haikuwaka. Reseti ilikuwa imefuta kila kitu, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE, yaani vya kuitambulisha laini yangu kwa kampuni ya intaneti, ambavyo fundi wa kampuni aliviandika siku ya kufunga. Mimi sikuwahi kuviona. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri fundi wao. Alikuja siku ya pili jioni, akaandika mistari miwili na kuondoka. Hata dakika tano hazikuisha.

Leo ningefanya hivi. Kabla ya kugusa chochote, ningechomeka waya kwenye kompyuta na kwenye tundu la LAN, ningezima Wi-Fi ya kompyuta yenyewe, kisha ningefungua tovuti yoyote kuthibitisha kwamba intaneti inakuja kwa waya. Hilo likishindikana, kazi inasimama hapo. La pili, ningewapigia kampuni niwaombe jina na nywila ya PPPoE, niandike kwenye daftari. La tatu, ningeingia kwenye rauta kupitia huo waya. Anwani na nywila ya kuingilia viko kwenye kibandiko chini ya rauta: kwa wengine ni 192.168.1.1, kwa wengine 192.168.0.1, zile za laini ya simu mara nyingi 192.168.8.1. Halafu ningezima 2.4, ningezima 5, ningeangalia kama mtandao wa wageni nao umezimika, ningehifadhi. Mwisho ningechomoa rauta kwenye umeme, niirudishe, nione kama bado imezima. Ukisahau kuhifadhi, umeme ukikatika inarudi ilivyokuwa, na umeme wetu mnaujua.

Wenye ujuzi zaidi karibuni mnisahihishe.

#2 Igoma_Center, Jumamosi saa 3:05 asubuhi

Mkuu shukrani sana. Nilikuwa nimeshika simu hivi, nimeshafika kwenye "WLAN". Nimeiweka chini kwanza.

#3 FundiWaya, Jumamosi saa 3:50 asubuhi

Mleta uzi pole. Kazi ya nyaya naifanya miaka mingi hapa mjini, na kinachonikera ni fundi kuondoka bila kupima. Kipimo cha nyaya ni kijisanduku cha vipande viwili, unachomeka kimoja kila mwisho, taa zinawaka 1 hadi 8 kwa zamu. Taa moja ikiruka, unajua waya upi haujashika. Usimlipe fundi mpaka umeona taa nane.

Mpangilio wa rangi unaotumika zaidi, ukishika kichwa cha RJ45 (hicho cha waya wa mtandao) kale kakufuli kakiangalia chini na matundu ya nyaya yakikuelekea, kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Wengi hukosea pale kati. Wanaweka kijani mbili pamoja kwa sababu macho yanapenda rangi zifuatane. Zikifuatana hivyo taa nane zitawaka na utadhani uko salama, lakini namba 3 na 6, zinazotakiwa kuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja, zinakuwa zimetenganishwa, na kwenye waya mrefu mtandao unakwenda kwa kukwamakwama.

Jambo jingine: usifungue misokoto ya nyaya zaidi ya sentimita moja na kidogo. Ule msokoto haukuwekwa kwa urembo, ndio unaozuia jozi moja isiingilie nyingine. Na kichwa kikibanwa, ganda la nje la waya liingie ndani ya kichwa lishikwe na kile kidole cha plastiki. Kwako nahisi ganda lilibaki nje, waya ukavutwa kidogo wakati wa kupigilia, nyuzi zikachomoka.

Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unafika mita 100 bila tatizo, kwa hiyo mita 18 si kitu. Unabeba gigabiti moja kwa sekunde kama nyuzi zote nane zimeshika. Zikishika zile nne za 1, 2, 3 na 6 peke yake, utapata megabiti 100. Ukiona kompyuta inasema 100 badala ya 1,000, rudi kwenye kichwa.

#4 FremuNyegezi, Jumamosi saa 4:15 asubuhi

Fundi, umepatia. Tulipokata kile kichwa cha upande wa fremu tulikuta kijani mbili zimelala pamoja, na uzi wa kahawia haukufika mwisho. Ganda lilikuwa nje kabisa, karibu upana wa vidole viwili. Tukabana upya, taa ikawaka.

#5 MamaPasiansi, Jumamosi saa 5:30 asubuhi

Habari zenu kaka zangu. Mimi sitaki kuzima moja kwa moja, nataka izime usiku watoto walale. Mkubwa yuko kidato cha tatu, nikiamka kunywa maji saa nane namkuta mwanga wa simu uko usoni. Nimeona kwenye rauta yangu kuna sehemu ya ratiba ya Wi-Fi, nikaweka izime 22:00 iwake 06:00. Lakini inazima saa saba usiku na kuwaka saa tatu asubuhi! Asubuhi mume wangu anataka intaneti ya kazi hakuna. Nimefuta nimeandika upya mara tatu. Rauta ni mbovu?

#6 FundiWaya, Jumamosi saa 5:48 asubuhi

Mama, rauta yako ni nzima. Angalia tofauti: uliweka saa nne usiku, inazima saa saba. Uliweka saa kumi na mbili asubuhi, inawaka saa tatu. Zote mbili zimechelewa saa tatu kamili. Rauta inafuata saa ya GMT, na sisi Tanzania tuko mbele ya GMT kwa saa tatu. Nenda kwenye mipangilio ya saa, tafuta "Time Zone", chagua GMT+3. Orodha nyingine hazina Dar es Salaam, chagua Nairobi, saa ni ile ile. Hifadhi, kisha angalia saa inayoonekana kwenye ukurasa wa rauta ilingane na ya ukutani kwako.

Ila huyo wa kidato cha tatu akiwa na bando kwenye laini yake, rauta haitamzuia. Hapo ni simu kulala sebuleni.

#7 MamaPasiansi, Jumamosi saa 5:55 asubuhi

Asante sana mwanangu, Mungu akubariki. Nakwenda kujaribu.

#8 Mlimani_Isamilo, Jumamosi saa 7:20 mchana

Mkuu mleta uzi, kwa nini usingeficha jina tu? Mimi nimeficha jina la mtandao wangu mwaka sasa na sijasumbuliwa.

#9 FremuNyegezi, Jumamosi saa 8:02 mchana

Ndugu, nilianzia hapo. Kuficha jina si kuzima. Rauta hujitangaza takribani mara kumi kila sekunde, na ukificha jina inaendelea kujitangaza vilevile, ila sehemu ya jina inaiacha tupu. Simu ya jirani inaonyesha "mtandao uliofichwa". Ambaye ameshawahi kupewa jina na neno la siri anaingia kama kawaida, na wateja wangu wote walikuwa wameshapewa. Zaidi ya hapo, simu yako uliyoizoesha mtandao uliofichwa ndiyo inayotembea mjini ikiliita lile jina kila ilipo, Kirumba hadi Buhongwa. Kwa anayejua kusikiliza, umelitangaza mwenyewe.

#10 Kitangiri_Tech, Jumamosi saa 8:40 mchana

Naongezea. Anayeamua kubaki na Wi-Fi, basi azime WPS, ile njia ya kujiunga bila neno la siri, kwa kubonyeza kitufe au kuweka PIN. PIN yake ina tarakimu nane na mtu anadhani ni michanganyiko milioni mia. Lakini rauta huihakiki kwa vipande viwili: nne za kwanza, kisha tatu, na ya nane hupatikana kwa hesabu kutoka kwenye hizo saba. Kwa hiyo anayejaribu anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Udhaifu huo uliwekwa wazi Desemba 2011 na bado nakutana na rauta mtaani zenye WPS ya PIN imewashwa. Unaweza kuwa na neno la siri refu kama barua, mtu akapita mlango wa pembeni.

Na tukumbuke laini ya intaneti imesajiliwa kwa jina lako. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini kitu kikifanyika kupitia laini yako, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

#11 Nansio_Kisiwani, Jumamosi saa 10:15 jioni

Wakuu nawasalimu kutoka Ukerewe. Sisi huku natumia rauta ya laini ya simu. Nilizima Wi-Fi kama mlivyosema, nikitumia waya. Lakini taa ya 4G bado inawaka. Imezima au haijazima?

#12 Kitangiri_Tech, Jumamosi saa 10:33 jioni

Umezima nusu, mkuu, na hiyo nusu nyingine huwezi kuizima ukabaki na intaneti. Rauta yako ina redio mbili tofauti. Moja inaongea na simu na laptopu za ndani, hiyo ndiyo Wi-Fi. Nyingine inaongea na mnara, na ndiyo inayoleta intaneti yenyewe. Mwenye faiba akizima Wi-Fi kifaa kinanyamaza kabisa hewani, kwa sababu intaneti yake inakuja kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Chako kitaendelea kuongea na mnara, na mnara ukiwa mbali huongea kwa nguvu zaidi. Kiweke dirisha linaloelekea mnara, kitapunguza sauti.

Tahadhari kwa wenye vile virauta vidogo vya mfukoni visivyo na tundu la LAN: ukizima Wi-Fi umebaki na USB peke yake, na vingine USB yake ni ya kuchajia tu. Hapo utalazimika kureseti.

#13 BabaMtarajiwa, Jumamosi saa 1:10 usiku

Naomba mniruhusu swali ambalo ndilo lililonileta hapa. Mke wangu ni mjamzito wa miezi sita. Rauta iko sebuleni, lakini ukuta ule ule ndio wa kichwa cha kitanda chetu. Mama mkwe amekuja kutoka Magu, amesikia kwamba mionzi ya Wi-Fi inadhuru mtoto tumboni, na tangu aje hana amani. Mimi sijui nimjibu nini. Nizime?

#14 Mwl_Fizikia, Jumamosi saa 2:25 usiku

Ndugu, hongera na Mungu awafikishe salama. Nafundisha fizikia sekondari, nitakueleza ninavyowaeleza wanafunzi, bila kumdharau mama mkwe, maana anayeuliza juu ya mjukuu wake anauliza swali la haki.

Neno "mionzi" limebeba vitu viwili ambavyo havifanani. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, ndiyo maana mjamzito huulizwa kabla ya kupigwa picha hospitalini. Mawimbi ya Wi-Fi ni mawimbi ya redio, familia moja na yanayoleta taarifa ya habari redioni, na hayana nguvu hiyo hata kidogo. Yakiwa makali sana yanachoweza ni kupasha joto. Jiko la maikrowevu linatumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz, lakini kwa wati kama 800, zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Rauta hutoa takribani sehemu moja ya kumi ya wati moja, ikizitawanya pande zote za nyumba. Tofauti ni mara elfu nane. Tena ukisogea mara mbili mbali, unachopokea kinabaki robo, na ukisogea mara tatu kinabaki sehemu moja ya tisa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaoshawishi kuwa mawimbi hafifu ya minara na mitandao isiyo na waya yanadhuru afya. Mtu anaweza kukuambia pia kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya shirika hilo hilo iliyaweka mawimbi ya redio kundi la 2B, "huenda yakasababisha saratani". Ni kweli. Kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na haujafikia uamuzi, na uliotazamwa zaidi ulikuwa wa watu wanaoweka simu sikioni kwa miaka mingi, siyo rauta iliyo chumba cha pili.

Kwa hiyo sitakuambia uzime kwa sababu ya hatari. Lakini nyumba yenye mjamzito inahitaji utulivu, na kama kuna wasiwasi ndani, kuzima usiku hakukugharimu chochote. Isogeze rauta ukuta mwingine, weka ratiba kama ya Mama wa Pasiansi, na simu zenu msilale nazo chini ya mto, hizo ziko karibu na mwili kuliko rauta. Mkalishe mama mkwe umweleze kilichofanyika. Na habari za ujauzito wenyewe, mwulizeni mhudumu wa kliniki siku ya kuhudhuria.

#15 BabaMtarajiwa, Jumamosi saa 2:51 usiku

Mwalimu nakushukuru kwa moyo wote. Nimemsomea mama mkwe neno kwa neno. Amesema "basi isogezwe". Kesho naisogeza.

#16 Mlimani_Isamilo, Jumapili saa 3:30 asubuhi

Nimekubali kuhusu jina, nimelirudisha na nimebadilisha neno la siri. Lakini niwaletee na hili. Mimi nikizima yangu, mawimbi ndani ya nyumba yangu hayaishi. Nimewasha simu sasa hivi sebuleni, naona mitandao 26. Mlima wetu mnaujua, nyumba zimepandana kwenye mawe kama ngazi. Dirisha la jirani wa juu linatazama mlango wangu, na mimi natazama wa chini. Kwenye tambarare ukuta wa jirani na miti vinapunguza, huku kwetu kati yangu na rauta ya mtu wa mita 60 kuna hewa tupu. Halafu upande wa pili, nyuma ya jiwe, chumba cha kijana wangu hakipati Wi-Fi yangu mwenyewe, hatua nane tu.

#17 Kitangiri_Tech, Jumapili saa 4:10 asubuhi

Umeieleza Mwanza vizuri kuliko kitabu. Jiwe la granite lenye unene wa mita kadhaa halipitishi mawimbi haya, kwa hiyo nyuma ya jiwe utavuta waya tu, hata ungenunua rauta ya bei gani. Na mteremko unawaweka wote mnaonana.

Kwa hali yako, 2.4 GHz ndiyo inayokuumiza. Chaneli zisizoingiliana pale ni tatu: 1, 6 na 11. Watu 26 kwenye chaneli tatu ni foleni, kila rauta inasubiri mwenzake anyamaze ndipo iseme. Zima 2.4 ubaki na 5 GHz kwa vyumba vya karibu. Ina chaneli nyingi zaidi na inachoka haraka kwenye kuta, na hapa kuchoka huko kunakusaidia, kwa sababu ya jirani inachoka kabla haijakufikia. Kama kuna simu ya zamani isiyoshika 5, acha 2.4 lakini weka upana wa chaneli wa 20 MHz na ushushe nguvu ya kurusha, sehemu ya "Transmit Power", hadi nusu. Majirani kumi wakifanya hivyo mlima mzima unapumua.

#18 Igoma_Center, Jumapili saa 4:22 asubuhi

Swali dogo, nikizima Wi-Fi naokoa LUKU?

#19 Kitangiri_Tech, Jumapili saa 4:30 asubuhi

Kidogo sana. Rauta ya wati 10 ikiwaka saa 24 inakula robo ya uniti kwa siku, kama uniti saba kwa mwezi. Kuzima Wi-Fi kunapunguza sehemu tu ya hizo.

#20 FremuNyegezi, Jumapili saa 11:40 jioni

Wakuu nimerudi na jambo. Rauta nimezima mawimbi yote, taa zote mbili za WLAN hazipo, nimechomoa na kurudisha, bado imezima. Lakini nikiwasha simu ndani ya fremu kuna mtandao una nguvu kamili, jina linaanza na "DIRECT". Nikitoka nje hatua ishirini unapungua. Kwa hiyo uko ndani kwangu. Nimepekua rauta kurasa zote, sioni.

#21 FundiWaya, Jumapili saa 11:52 jioni

Hiyo ni printa yako. Printa nyingi za sasa zina Wi-Fi Direct, zinarusha mtandao wao wenyewe ili simu ichapishe bila kupitia rauta. Ingia kwenye menyu ya printa, sehemu ya mtandao, izime. Runinga za kisasa nazo hufanya hivyo, angalia na ya sebuleni.

Na kwa kuwa umesema waya unavuka ua, sikulala vizuri bila kukuandikia hili. Ziwa letu Victoria ni mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na zinakuja usiku na alfajiri. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, waya mrefu wa shaba ulioning'inia nje unaokota msukumo wa umeme na kuupeleka pande zote mbili. Nimebadilisha rauta nyingi zilizokufa tundu moja tu la LAN, lile lenye waya unaotoka nje. Wi-Fi ilikuwa na kero zake, ila radi haipiti kwenye Wi-Fi ikaingia kwenye kompyuta.

Vipo vizuizi vya kufunga kwenye waya, lakini vinataka nondo ya ardhini iliyo nzuri, na kwenye mawe yetu nondo inagonga mwamba kabla haijafika futi tatu. Mwamba mkavu hauchukui umeme. Dawa ya kweli ni kipande cha faiba kukatiza ua, chenye kigeuzi cha mwanga na umeme kila mwisho. Kioo hakibebi umeme. Kwa sasa, wingu likikaa vibaya upande wa ziwa, chomoa pande zote mbili. Ukichomoa wa sebuleni tu, wa fremu bado uko kwenye kompyuta.

#22 FremuNyegezi, Jumapili saa 12:30 jioni

Ni printa kweli. Nimeingia kwenye menyu yake, nikazima, ile "DIRECT" imepotea papo hapo. Ya radi nimeisoma mara mbili, nimemwita na mke wangu akaisoma.

#23 MamaPasiansi, Jumatatu saa 1:15 asubuhi

Imezima saa nne kamili jana. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa imewaka. Saa ilikuwa ndiyo mbovu. Na simu ya kijana imelala juu ya friji.

#24 FremuNyegezi, Jumanne saa 2:05 asubuhi

Usiku wa kuamkia leo ile mvua ya ziwani imekuja saa tisa. Niliamka kwa radi ya kwanza, nikachomoa waya wa sebuleni, nikachukua mwavuli nikavuka ua, nikafungua fremu, nikachomoa na wa kompyuta. Imepiga karibu sana, mabati yalitetemeka. Asubuhi nimerudisha, taa ya LAN ikawaka kijani, kompyuta inasoma 1,000.

Wanafunzi wanaotaka kutuma faili sasa wanakaa kwenye kompyuta ya pili, wanachomeka simu kwa waya wa USB, wanahamisha. Yule binti alirudi jana na mwenzake. Kiambatisho kilipanda kabla sijamaliza kupanga karatasi kwenye printa.

Fundi, vile vigeuzi vya faiba vinauzwa kwa jozi au kimoja kimoja, na kwa mita 18 kuna faiba iliyokwisha kufungwa vichwa, au lazima aje mtu mwenye mashine ya kuunga?